Faili Zima, Maneno Mabovu

Kuna imani imeenea mjini kwamba kitabu kikishaingia kwenye kompyuta, kimeokoka. Makosa, tunaambiwa, yalikuwa ya zama za herufi za risasi na wino wa kuchafua vidole. Siku hizi programu inapitia faili, inasema hakuna kosa, mchapishaji anabonyeza, kitabu kinaingia sokoni. Mimi siikubali imani hiyo, na historia iko upande wangu. Hebu turudi nyuma kidogo.

Mwaka 1631 mjini London, wachapaji wa mfalme, Robert Barker na Martin Lucas, walitoa Biblia ambayo neno moja la herufi tatu, "not", lilidondoka kwenye amri inayokataza uzinzi. Katazo likawa agizo! Walitozwa faini ya pauni 300, na nakala zikasakwa ziteketezwe. Kwa Kiswahili hata neno zima lisingehitaji kudondoka: silabi moja tu, "si", ingetosha kuwaangamiza. Lakini angalia, kitabu cha karatasi kiliweza kusakwa. Faili likishanakiliwa na watu elfu kumi, utalisaka wapi?

Vitabu vya kompyuta vilianza kwa mkono. Tarehe 4 Julai 1971, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani, kwa jina Michael Hart, aliketi mbele ya mtambo wa chuo akachapa Azimio la Uhuru wa nchi yake. Hiyo ndiyo mbegu ya Project Gutenberg. Mwendo ulikuwa wa kinyonga. Biblia ya King James ilipotoka mwaka 1989, ilipewa namba 10 katika orodha yao. Miaka 18, vitabu kumi!

Kisha zikaja skana, na mwendo ukabadilika. Skana inapiga picha ukurasa, halafu programu inaitazama picha na kukisia kila herufi. Tufanye hesabu. Tuseme programu inapatia herufi 999 katika kila 1,000. Unaona ni sifa? Ukurasa wenye herufi 2,000 utakuwa na makosa 2, na kitabu cha kurasa 300 kitakuwa na makosa 600. Tena mabaya zaidi ni yale yanayojificha. Kwa Kiingereza, "r" na "n" zikikaribiana husomwa "m", hivyo "modern" inageuka "modem". Kisahihisha tahajia kinapita hapo bila kushtuka, kwa sababu maneno yote mawili yamo kwenye kamusi.

Mwaka 2000 Charles Franks alianzisha Distributed Proofreaders, na wazo lake lilikuwa jepesi. Usimpe mtu mmoja kitabu kizima. Mpe ukurasa mmoja, awe na picha ya karatasi ya awali na maandishi yaliyotoka kwenye mashine, alinganishe. Akimaliza, mwingine anapitia kazi yake, kisha mwingine tena. Novemba 2002 habari zao ziliandikwa kwenye tovuti ya Slashdot, na watu zaidi ya 4,000 wakajiunga kwa siku moja. Mpaka sasa wamekamilisha vitabu zaidi ya 40,000. Sisi wa vyumba vya habari tunaijua kazi hiyo: ni kusoma prufu, ile ile ya tangu zamani.

Mwaka 2007 shirika la IDPF lilipitisha EPUB kuwa kiwango rasmi cha vitabu vya kielektroniki. Faili la EPUB ni furushi: ndani yake mna kurasa zilizoandikwa kwa lugha ya kurasa za intaneti, picha, na orodha ya vilivyomo. Kipande kimoja kikikosekana, sura inaweza isifunguke. Ndiyo maana kuna EpubCheck, programu ya bure inayokagua furushi hilo. Kila kilichoorodheshwa kipo? Viungo vinafika vinakoelekea? Ni kazi muhimu, na anayechapisha bila kuitumia anatafuta lawama. Lakini EpubCheck ni kama mtu wa forodha anayehesabu mabegi. Barua zilizomo ndani hazisomi.

Mfano? Mwaka 2012 msomaji mmoja Marekani aligundua kituko katika nakala ya War and Peace aliyoinunua kwa ajili ya kifaa cha Nook. Kila palipokuwa na neno la Kiingereza "kindled", yaani kuwashwa, palisomeka "Nookd". Ilionekana wazi kwamba mtu alikuwa ameamuru kompyuta iondoe jina la Kindle, kifaa cha mshindani, na kuweka Nook, bila kusoma matokeo. Kitabu kilifunguka vizuri kabisa. Tolstoy ndiye aliyeharibika.

Sasa njoo kwetu. Mashine ikidondosha kile kialama cha juu, "ng'oa" inakuwa "ngoa", na hapo umetoka kwenye kung'oa ukaingia kwenye wivu. Wino ukififia, "alikufa" inasomwa "alikula". Kidole kikiteleza, "habari" inakuwa "bahari". Yote ni maneno halali, hakuna programu ya tahajia itakayoyapigia mstari mwekundu. Na vitabu vyetu vingi vya zamani havichapwi tena. Vikiingizwa kwenye kompyuta ovyo, mwanafunzi wa miaka 30 ijayo atamnukuu mwandishi kwa maneno ambayo hakuyaandika, na karatasi ya kumkanusha haitakuwepo.

Kwa hiyo, ndugu yangu unayetaka kuchapisha: kagua faili kwa programu, kisha mpe mtu mwingine asome neno kwa neno, chapa ya awali ikiwa mkononi. Na wewe msomaji, kabla ya kunukuu, fungua sura ya kati na ya mwisho, tazama majina, tarakimu na "si". Ukiona sentensi inayokushangaza, usimlaumu mwandishi kwanza. Tafuta nakala nyingine ulinganishe.