Kalinzi, Kodi na Cheti: Historia ya Mashamba Yetu



Siku hii ya yubile tunawakumbuka wamisionari waliotuletea Injili. Yafaa tuikumbuke pia ardhi iliyowalisha wazee wetu hapa Bushi, maana historia ya parokia haitengani na historia ya mashamba.

Zamani jamaa ilipata shamba kwa mwami au kwa mkubwa wa mlima kwa njia ya kalinzi. Ilitoa ng'ombe mbele ya mashahidi, na shamba likawa lake na la watoto wake. Asiye na ng'ombe alipewa shamba la msimu tu, ndiyo bwasa. Karatasi haikuwako, neno la mashahidi lilitosha.

Tarehe 1 Julai 1885 Serkali ya Leopold II ilitangaza kwamba ardhi isiyo na mwenyewe ni mali ya Serkali. Malisho na mashamba yaliyopumzishwa yakahesabiwa mara nyingi kuwa ardhi tupu. Mwaka 1928 ikaundwa Comité National du Kivu, na walowezi wakapewa ardhi za kupanda kahawa na kwinini. Baba zetu walidaiwa kodi ya kichwa kwa fedha. Wengi wakaenda kufanya kazi kwa walowezi ili wapate kuilipa. Amri ya 5 Desemba 1933 iliwaongezea kazi za lazima, hata siku 60 kwa mwaka.

Misioni zilikuwa na hali nyingine. Mapatano ya 26 Mei 1906 kati ya Papa na Serkali ya Kongo yaliziahidi hekta 100 hadi 200 kila moja, bure na kwa milele, nazo zifungue shule. Hivyo Kanisa lilikuwa na andiko, waamini walikuwa na desturi.

Sheria ya 20 Julai 1973 ilisema udongo wote ni mali ya Serkali, hata ule unaokaliwa na wanakijiji. Haki zao zingepangwa kwa amri ya Rais. Miaka zaidi ya 40 ikapita, amri haikutoka. Lakini aliyeandikisha shamba alipata cheti, na sheria hiyo ilisema kwamba baada ya miaka miwili cheti hakipingwi tena.

Nimewaona wazee wa jumuiya yetu mbele ya hakimu. Wao walitaja mashahidi waliokwisha kufa; mwenzao alitoa karatasi moja.

Katiba ya 18 Februari 2006 inalinda mali iliyopatikana kwa sheria au kwa desturi. Lakini desturi isiyo na shahidi hai wala andiko itajiteteaje? Basi, wapimaji wafikapo mlimani, tusibaki nyumbani: twende tuseme mbele yao, na maneno yetu yaandikwe. Tuandike mipaka, majina ya mashahidi na kodi tuliyolipa, wazee wangali hai. Nao mapadri, waliotufundisha kusoma, watusaidie kuzisoma karatasi hizo kabla ya kutia kidole.

Hivyo watoto wetu watakaofanya yubile ijayo waikute parokia, na mashamba pia.