Seva ya shangazi: kisa cha simu zisizojibiwa, na historia ya kukodi nafasi mtandaoni

Jumatatu moja ya Desemba 2006, saa moja asubuhi, shangazi alinipigia simu kutoka Malindi.

"Mwanangu, ile tovuti yako haifunguki."

Aliposema "yako" nilijua mambo yameharibika. Ikifanya kazi huwa ni tovuti yake. Ikigoma, ni yangu.

Shangazi alikuwa na nyumba ya wageni ya vyumba sita, na mapato ya Desemba ndiyo yaliyolipa karo za Januari. Wageni wake wengi walikuwa Waitaliano, nao waliulizia vyumba kwa barua pepe kupitia anwani ya tovuti hiyo. Mimi ndiye niliyeijenga, na mimi ndiye niliyemchagulia kampuni ya kumkodisha nafasi kwenye seva: kampuni ndogo hapa Nairobi, shilingi 6,000 kwa mwaka, jina la tovuti likiwemo. Sitaitaja. Ilishafungwa zamani, na mtakavyoona, kosa halikuwa lao peke yao.

Nikajaribu kuifikia seva. Kimya. Nikawaandikia barua pepe, ikakwama, maana barua pepe yao wenyewe ilikaa kwenye seva hiyo hiyo iliyokufa. Ukurasa wao wa kuombea msaada nao ulikuwa humo humo. Simu ya ofisini iliita mpaka ikakatika. Ya mkononi ilikuwa imezimwa.

Hapo saa ikaanza kunihesabia. Seva inayotuma barua pepe ikikuta mlango umefungwa haiitupi barua mara moja. Inaiweka kando na kujaribu tena na tena. Kanuni za SMTP zilizotolewa mwaka 2001 zinataka ijaribu kwa angalau siku nne au tano kabla ya kukata tamaa na kumrudishia mwandishi barua yake. Kwa hiyo nilikuwa na muda hadi Ijumaa, labda Jumamosi. Baada ya hapo Mwitaliano angeambiwa kwamba anwani haifikiki, naye angetafuta chumba kwingine.

Tulifikaje hapa?

Turudi nyuma kidogo. Seva ya kwanza ya wavuti ilikuwa kompyuta aina ya NeXT iliyokaa ofisini kwa Tim Berners-Lee katika kituo cha utafiti cha CERN, Uswisi, mwishoni mwa 1990. Juu yake alibandika karatasi iliyoandikwa kwa wino mwekundu, akiwaonya watu kwamba mashine hiyo ni seva na wasiizime. Hiyo ndiyo iliyokuwa huduma kwa wateja ya wakati ule. Ukiwa na shida, mwenye seva unamjua, na ofisi yake unaijua.

Wavuti ulipotoka kwenye vyuo ukaingia kwenye biashara, kulikuwa na tatizo la kiufundi. Katika itifaki ya HTTP ya mwanzo, kivinjari kiliomba ukurasa bila kuitajia seva jina la tovuti kinayoitaka. Hivyo kwa kawaida kila tovuti ilihitaji anwani yake ya IP, jambo lililoongeza gharama. Toleo la HTTP/1.1, lililochapishwa Januari 1997, likalazimisha kila ombi kubeba mstari mmoja mfupi unaotaja jina la tovuti. Mstari mmoja tu! Lakini kwa sababu yake mashine moja yenye anwani moja iliweza kubeba tovuti mia, hata mia tano, na bei ikaporomoka hadi dola chache kwa mwezi.

Wakati huo huo ikaja programu ya cPanel, iliyoanzishwa mwaka 1996 na J. Nick Koston. Iliondoa haja ya kuandika amri kwenye skrini nyeusi. Unabofya tu, unapata sanduku la barua. Na sehemu yake inayoitwa WHM ilimwezesha mtu kukodi kipande cha seva, akakigawa vipande vidogo zaidi na kuviuza kwa jina la kampuni yake. Ni kama mwenye duka anayenunua gunia la sukari na kuwauzia majirani kwa kilo na nusu kilo.

Hivyo ndivyo Nairobi ilivyojaa kampuni za kukodisha nafasi zisizo na seva hata moja. Wala hatukuwa na budi. Kabla ya nyaya za baharini za SEACOM na TEAMS kuanza kazi mwaka 2009, mawasiliano yetu na dunia yalitegemea setilaiti zilizoko kilomita karibu 36,000 juu ya ikweta. Kila bofyo lilipanda huko na kushuka, na nafasi ya mawasiliano ilikuwa ghali ajabu. Kuweka tovuti Nairobi ili Mwitaliano aisome kupitia njia hiyo nyembamba hakukuwa na maana. Ilikuwa afadhali kuiweka Marekani.

Nilipoichunguza anwani ya IP ya seva ya shangazi nikakuta iko Texas. Yaani nilikuwa mteja wa mteja wa kampuni iliyo umbali wa saa tisa nyuma yetu, ambayo haikujua kama shangazi yangu yupo duniani.

Jina ni la nani?

Jumanne nikasema basi, nahama. Nakala ya kurasa zote nilikuwa nayo kwenye kompyuta yangu. Barua za zamani za shangazi nazo zilikuwa salama, kwa bahati tu: alitumia Outlook Express kwa njia ya POP3, ambayo hushusha barua kwenye kompyuta ya mtu badala ya kuziacha kwenye seva. Kilichobaki ni kuelekeza jina la tovuti kwenye seva mpya. Nikafungua WHOIS, orodha ambayo siku hizo ilionyesha hadharani mwenye kila jina. (Tangu 2018 majina ya watu wengi yamefichwa humo kwa sababu ya sheria ya Ulaya ya kulinda data.)

Mwenye jina: kampuni ya Nairobi. Barua pepe ya msimamizi: ya kampuni ya Nairobi, kwenye seva iliyokufa. Shangazi hakutajwa popote. Mimi pia.

Hapa pana historia nyingine. Hadi 1999, majina ya .com yalisajiliwa na kampuni moja tu ya Marekani, Network Solutions, ambayo tangu 1995 ilitoza dola 100 kwa miaka miwili ya kwanza. Usipopenda huduma yao, huna pa kwenda. Shirika la ICANN liliundwa mwaka 1998, na mwaka uliofuata likafungua soko kwa wasajili wengine. Bei ikashuka, lakini baadhi ya wasajili waligundua kwamba njia rahisi ya kumweka mteja ni kumchelewesha anapotaka kuondoka. Ndipo Novemba 2004 kanuni mpya ya uhamisho ikaanza kutumika: msajili wa zamani akikaa kimya siku tano bila kupinga, jina linahama.

Kanuni nzuri sana. Ila inamlinda yule aliyeandikwa kwenye orodha, na aliyeandikwa hakuwa shangazi. Nilipokuwa nikilipa zile shilingi 6,000 "jina likiwemo", sikuwahi kuuliza limeandikishwa kwa nani. Nilijiona mjinga kweli.

Alhamisi, Moi Avenue

Simu zikiwa hazijibiwi, nikatumia miguu. Ofisi ilikuwa ghorofa ya tatu karibu na Moi Avenue, chumba kimoja kilichogawanywa kwa mbao. Ndani nilimkuta kijana mmoja, labda miaka ishirini na miwili, mbele ya kompyuta mbili. Nilikuwa nimejiandaa kwa maneno makali tangu kwenye matatu.

"Karibu kaka," akasema. "Najua ulichokuja kufanya. Wewe ni wa saba leo."

Akanigeuzia skrini. Alikuwa amefungua tiketi kwa kampuni ya Texas tangu Jumapili usiku, na kila akiandika alijibiwa na mashine kwamba ujumbe wake umepokelewa. Tajiri wake alikuwa amechelewa kulipa, wakazima mashine nzima. Sasa amelipa, lakini hakuna aliyeiwasha. Kadi ya benki iliyotumika ilikuwa ya tajiri, na tajiri alikuwa Kisumu kwenye matanga. Kijana hakuwa na ufunguo wowote wa hiyo seva. Kazi yake ilikuwa kupokea simu, na kwa kuwa hakuwa na la kuwaambia watu, akaacha kuzipokea.

Maneno makali yakaniishia. Nikamwuliza kama ana neno la siri la akaunti ya msajili wa majina. Alikuwa nalo. Nikamwomba abadilishe seva za majina ziende ninakohamia, afungue kufuli ya jina, kisha anipe ule msimbo wa idhini ya kuhamisha. Alisita kidogo, akatazama mlangoni, kisha akafanya yote matatu. Ilichukua dakika sita. Siku tatu za kuhangaika, na dawa ilikuwa dakika sita za mtu mmoja mwenye ruhusa.

Nilivyochagua kwingine

Kampuni mpya nilikuwa nimeshaitafuta usiku wa Jumanne. Sikusoma matangazo yao, maana wote huahidi msaada saa 24. Niliandika swali moja la kiufundi, kuhusu jinsi wanavyotunza nakala za akiba, nikalituma kwa kampuni tano saa nane usiku. Mbili hazijajibu hadi leo. Mbili zilinitumia kurasa za bei. Moja ilijibu baada ya dakika ishirini, na aliyejibu alikuwa amelisoma swali. Nikawapa hao kazi. Kulipa ilikuwa shida nyingine: walitaka kadi, nami sikuwa nayo, na M-Pesa ilizinduliwa Machi 2007, miezi mitatu baadaye. Binamu aliyeko Uingereza akanilipia.

Baadaye nilisoma kuhusu Rackspace, iliyoanzishwa San Antonio, Texas, mwaka 1998, nikacheka. Mwanzoni waanzilishi wake, mafundi kama mimi, waliona simu za wateja ni usumbufu wa kuepukwa. Mwaka 1999 wakamwajiri David Bryce kusimamia wateja, naye akaugeuza mtazamo wote: kuwasaidia watu ndiyo ikawa bidhaa yenyewe, na kampuni ikapata jina kwa hilo.

Lakini hata sifa nzuri si bima. Desemba 2022 huduma ya barua pepe ya Exchange ya Rackspace hiyo hiyo ilishambuliwa na wadukuzi wanaodai kikombozi, na kampuni ikaamua kutoirudisha kabisa. Na tarehe 10 Machi 2021 jengo zima la seva la OVH mjini Strasbourg, Ufaransa, liliteketea kwa moto. Wateja waliokuwa na nakala mahali pengine walirudi hewani. Baadhi ya waliotegemea nakala zilizokaa kwenye eneo lile lile walipoteza kila kitu.

Kuhusu majina ya tovuti, miezi mitatu baada ya kisa changu msajili wa Marekani aitwaye RegisterFly alivunjika. Wateja walikuwa wamelalamika kwa muda mrefu kwamba wanalipa na majina hayahuishwi. Machi 2007 ICANN ikatangaza kumnyang'anya kibali, na Mei majina yake, mamia ya maelfu, yakahamishiwa GoDaddy. Mkataba wa wasajili ulikuwa tayari unawataka waweke nakala ya orodha ya wateja kwa mtu wa tatu, lakini hakuna aliyewasukuma. Baada ya RegisterFly wakasukumwa.

Mwisho wa kisa

Ijumaa jioni barua zikaanza kuingia. Rekodi za seva za majina ya .com huweza kukumbukwa na kompyuta nyingine hadi siku mbili, kwa hiyo ziliingia kidogo kidogo hadi Jumapili. Zilikuwa kumi na moja, nne kati yake ni za kuulizia vyumba. Familia moja ya Torino iliandika baadaye kwamba barua yao ilirudishwa, wakapata chumba Watamu. Wiki mbili za vyumba viwili. Nilimlipa shangazi nusu ya hasara hiyo kwa miezi minne. Hakuniomba, ila pia hakukataa.

Tangu siku hiyo, kabla ya kumjengea mtu tovuti, nahakikisha mambo haya:

1. Jina limesajiliwa kwa jina lake, na barua pepe ya msimamizi haikai kwenye jina hilo hilo.
2. Msajili wa jina na mwenye seva ni kampuni mbili tofauti.
3. Nakala ya akiba iko kwetu, na nimeshajaribu kuirudisha angalau mara moja.
4. Nimewauliza swali usiku wa manane kabla ya kulipa, na aliyejibu amelisoma.
5. Mteja ana maneno yote ya siri kwenye karatasi, nyumbani kwake.

Shangazi aliiweka karatasi yake ndani ya Msahafu, akisema hapo haitapotea. Miaka imepita, tumehama seva mara mbili zaidi, na kila mara nimempigia simu anisomee.