Chaki Mlangoni: Majirani Walivyogeuza Alama ya Hofu Kuwa Salamu

Machi 2020 kila mtu anaikumbuka kwa namna yake. Wa mjini wanakumbuka daladala za "level siti" na ndoo ya maji yenye sabuni mbele ya kila duka. Wanafunzi wanakumbuka tarehe 17, siku shule zilipofungwa, siku moja tu baada ya mgonjwa wa kwanza wa corona kutangazwa nchini. Kule Songambele, wilayani Kyerwa, kama ilivyokuwa nchi nzima, watoto wa shule za msingi walikaa nyumbani hadi 29 Juni. Chaki zikabaki zimelala kwenye madarasa yaliyofungwa.

Lakini miezi hiyohiyo, mbali na Kagera, chaki ilikuwa imetoka darasani na kuingia barabarani.

Uingereza, Marekani na Canada watu walifungiwa ndani kwelikweli. Viwanja vya michezo vilifungwa, wazee hawakuruhusiwa kutembelewa, na jirani alikuwa mtu wa kupungiwa mkono dirishani. Ndipo watu wakaanza kuchora chini, kwenye njia za waenda kwa miguu. Mmoja anachora upinde wa mvua mbele ya geti lake, kesho yake wa nyumba ya pili anaongeza maua, wa tatu anaandika kichekesho. Wengine walichora vyumba vya kuruka kwa mguu mmoja, mistari mirefu inayopita nyumba hadi nyumba, na yeyote anayepita anaruka, awe mtoto au mtu mzima. Nje ya hospitali, manesi waliokuwa wakiingia zamu walikuta maneno ya asante yameandikwa kwenye sakafu.

Wengi wao hawakuandika hata jina. Leo huwezi kumjua aliyeanza mtaa gani.

Kwa nini chaki? Ni bei rahisi, haihitaji kibali cha mwenye ukuta, na mvua ikinyesha inafutika. Kubwa zaidi, inaruhusu watu kuongea bila kukutana. Unachora saa 12 asubuhi, unarudi ndani, mwenzako anasoma saa 4. Hakuna aliyemkaribia mwenzake. Watu wa Pwani wanaielewa hii vizuri sana, maana kanga imekuwa ikimfikishia jirani ujumbe miaka mingi bila mtu kufungua mdomo.

Sasa hapa ndipo historia inapochukua kona. Kuweka alama kwenye nyumba ya mtu wakati wa ugonjwa si jambo jipya, na zamani halikuwa la kuchangamsha mtu. London mwaka 1665, tauni ilipopiga, nyumba yenye mgonjwa ilifungwa na wote waliomo ndani, wazima kwa wagonjwa. Mlangoni ulichorwa msalaba mwekundu, pamoja na maneno ya kumwomba Mungu rehema, na mlinzi akasimama nje. Kawaida walifungiwa siku 40. Neno karantini lenyewe limetokana na hesabu hiyo ya siku 40 kwa lugha ya watu wa Venice. Alama ile ilikuwa na maana moja: usisogee hapa.

Kagera nayo iliwahi kuwa na alama zake, ingawa hazikuchorwa. Mwaka 1983 wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa mkoani humo. Kabla watu hawajajua ni kitu gani, mtaani ugonjwa ulishapewa jina la "Juliana", kutokana na nguo za fasheni za jina hilo zilizokuwa zikiingizwa na wafanyabiashara kupitia mpaka wa Uganda. Mtu akikonda tu, watu wanaanza kunong'ona. Huko hakikuhitajika chaki wala rangi. Midomo ya majirani ilitosha kuweka alama kwenye nyumba.

Ndiyo maana kilichotokea 2020 si kitu kidogo. Mahali palepale mbele ya mlango, palipowahi kuandikwa "kaa mbali", watu wa kawaida waliandika "tupo, tunakuona".

Afrika Mashariki tulikuwa na yetu pia. Kenya ilipoweka kafyu kuanzia 27 Machi 2020, vijana wa Mathare Roots jijini Nairobi walichukua rangi za kupuliza na kuchora kutani: corona ni kweli, vaa barakoa. Mathare huna njia pana ya kuchora chini, kwa hiyo ukuta ndio ukawa ubao. Ujumbe wao ulikuwa mkali kuliko maua ya London, lakini ulitoka kwa mtu wa mtaani kwenda kwa mtu wa mtaani.

Halafu karantini ikarudi Kagera. Tarehe 21 Machi 2023, Marburg ilitangazwa Bukoba Vijijini. Wagonjwa walikuwa 9, sita wakafariki, na watu zaidi ya 200 waliowahi kukutana nao wakafuatiliwa afya zao kwa siku 21. Mlipuko ulitangazwa kuisha 2 Juni. Hao zaidi ya 200 hawatajwi majina popote, na ni sawa kabisa. Ila kila mmoja wao alikuwa na jirani, na siku ya 22 ilipofika, alitoka nje akaangalia nani atamsalimia kwanza.

Swali linabaki hapo. Daktari anaweza kusema umepona, umemaliza siku zako, nenda. Kukurudisha mtaani ni kazi ya watu wa mtaani, na inaweza kuanza na kitu cha bei ya kipande cha chaki.

Mtaani kwenu 2020 ilikuwaje? Nani aliwachangamsha? Dondosha stori yako hapo chini, majina weka pembeni.