Mreno na Jina Lake: Majina ya Wageni katika Pwani ya Kaskazini ya Cabo Delgado

Kila taifa lina majina mawili: lile linalojiita lenyewe, na lile linaloitwa na jirani. Jina la jirani aghalabu huzaliwa na utani, na utani nao hutokana na chakula, mavazi au ugomvi wa zamani. Waingereza wamezoea kuwaita Wafaransa "vyura", kwa kuwa Mfaransa hula miguu ya chura. Wafaransa nao huwaita Waingereza "nyama ya kuoka". Mtu akitoka karamuni bila ya kuaga, Mwingereza husema ameondoka Kifaransa. Mfaransa husema ameondoka Kiingereza. Maneno hayo yamebaki ya barazani. Hayakuingia katika ramani wala katika hati za serikali.

Katika Kiswahili, hata hivyo, lipo jina moja la mdomoni ambalo limekuwa jina rasmi la nchi nzima. Jina hilo ni Ureno. Wenyewe huiita nchi yao Portugal, na hapana sauti katika neno hilo iwezayo kumfikisha mtu kwenye Ureno. Wachunguzi wa asili ya maneno hulitoa jina hili katika neno la Kireno "reino", yaani ufalme. Katika makoloni kama Goa, Mreno aliyezaliwa ng'ambo alimwita mwenziwe aliyewasili kutoka Ulaya "reinol", mtu wa kutoka ufalmeni. Neno hilo halikukosa kijembe, maana mgeni huyo alijiona bora ilhali nchi hakuijua. Watu wa pwani yetu walilisikia neno la ufalme likitajwa, wakalitia viambishi vyao, na mtu wa ufalme akawa Mreno.

Historia ya majina haya yaweza kufuatwa vema katika visiwa vya Kirimba na pwani inayoelekea mto Ruvuma. Wareno walivishambulia visiwa hivyo katika miaka ya 1520. Baadaye wakalowea humo, wakaoa, na baadhi ya jamaa zao wakawa wakubwa wa visiwa. Kisiwa cha Ibo kilipewa hadhi ya mji mwaka 1763, ngome ya São João Baptista ikajengwa mwaka 1791, na Ibo ikawa makao ya utawala wa Cabo Delgado hadi mwanzoni mwa karne ya 20. Mwenyeji wa huko hujiita Mmwani, maana yake mtu wa pwani, kama vile jina la Mswahili linavyotokana na neno la Kiarabu la pwani. Mreno alimwita "mouro", jina alilokwisha kuwapa Waislamu aliopigana nao katika Hispania na Moroko. Basi mwenyeji naye alipachikwa jina la vita ambavyo hakuvipigana.

Wageni wengine nao walikuja, na majina yao yanaonyesha njia zilizowaleta kwetu. Katika karne ya 18 wafanyabiashara Wafaransa kutoka visiwa vinavyoitwa leo Mauritius na Réunion walifika Ibo na Kilwa kununua watumwa. Mwaka 1776 Mfaransa mmoja, Morice, alifanya mkataba na Sultani wa Kilwa. Ijapokuwa walifika wenyewe, jina lao tulilipata kwa Waarabu, waliosema Faransa. Jina la Mwingereza nalo lina asili katika kinywa cha Mreno, likaja kwetu ama moja kwa moja ama kwa kupitia Bara Hindi. Wajerumani waliiteka Kionga, kusini ya mlango wa Ruvuma, mwaka 1894, wakakaa hadi Wareno walipoichukua mwaka 1916. Hao waliitwa Wadachi, jina lililo karibu sana na lile wanalojiita wenyewe.

Lakini njia ya jina ni jambo moja, na mzigo wake ni jambo jingine. Kiswahili kina desturi ya kulitaja taifa zima kwa umoja: Mdachi alijenga boma, Mwingereza alileta kodi. Kwa namna hiyo "Mreno" alikuwa kama mtu mmoja mwenye mikono mingi. Chini ya Kampuni ya Nyassa, iliyotawala hadi 1929, jina hilo lilimaanisha kodi ya kibanda na kazi za shuruti. Baadaye likamaanisha pamba ya kulimishwa kwa nguvu. Watu wengi walivuka Ruvuma kwenda Tanganyika kutafuta kazi katika mashamba ya mkonge. Tarehe 16 Juni 1960 wananchi walipigwa risasi Mueda, na tarehe 25 Septemba 1964 vita vya ukombozi vilianza kwa shambulio la Chai.

Hapo ndipo jina lilipohitaji mwalimu. FRELIMO, iliyoundwa Dar es Salaam mwaka 1962, iliwafundisha wapiganaji wake kuwa adui ni ukoloni, wala si watu wa Ureno wala rangi ya ngozi. Tofauti hiyo ilithibitika tarehe 25 Aprili 1974, askari wa Ureno walipoipindua serikali yao wenyewe mjini Lisbon. Mwezi wa Septemba mkataba ukatiwa saini Lusaka, na tarehe 25 Juni 1975 Msumbiji ikawa huru. Mreno aliyewatoza watu kodi Ibo na Mreno aliyechoka na vita akaiangusha serikali wana jina moja katika lugha yetu. Jina halina uwezo wa kuwatenganisha. Maelezo ya mwalimu ndiyo yenye uwezo huo.

Jambo hili halijapitwa na wakati. Mwaka 2019 kampuni ya Kifaransa ya TotalEnergies ilishika uongozi wa mradi wa gesi wa Afungi, karibu na Palma. Machi 2021 Palma ilishambuliwa na waasi, wengi wakauawa na maelfu wakakimbia, na mwezi uliofuata kampuni ikausimamisha mradi. Jina la Mfaransa, lililokaa kimya katika pwani ile tangu enzi za majahazi ya watumwa, limerudi vinywani. Litabeba maana gani huko, hilo litaamuliwa na yale ambayo watu wa Palma watatendewa.

Kwa hiyo, walimu wenzangu, tunapofundisha majina ya mataifa tusiishie katika ngeli ya m-wa na majina ya nchi yenye u-. Tuwaambie wanafunzi kwamba Ureno haina mfalme tangu Oktoba 1910, na bado kila tunapoitaja kwa Kiswahili tunasema ufalme. Mwanafunzi aliyeelewa hilo atajiuliza, kabla ya kusema "Mreno alitutesa", ni Mreno yupi, na alitumwa na nani.