Nilimpa sifuri kwa kosa la mwaka 1978

Najua nimepotea, BTP ilinibana hadi kooni. Nimerudi kampasi juzi, na nimerudi na deni.

Kule field nilipewa kidato cha tatu, somo la kompyuta. Dogo mmoja akaleta zoezi kwenye flashi, mistari sita tu ya Python. Naliendesha, linagoma. Nasoma mstari kwa mstari, sioni kosa. Basi nikamwekea sifuri kwenye daftari, na pembeni nikaandika "hukujaribu". Siku naondoka ndo nikagundua: aliandika kwenye programu ya kuandikia barua, nayo ikampindishia alama za kunukuu ili zipendeze. Jicho langu linaona nukuu, Python inaona alama nyingine kabisa.

Mimi mtu wa historia bwana, nikaanza kuchimba. Kumbe kosa lenyewe linanizidi umri!

Turudi Marekani, Agosti 1981. IBM imetoa PC yake, flopi moja inabeba kilobaiti 160. Unataka kuandika programu, unaandikia wapi? Ndani ya DOS ulikuta EDLIN, ambayo Tim Paterson aliiandika mwaka 1980 kwa wiki mbili hivi, akitegemea itumike kama miezi sita tu. Hii ilikuwa inashika mstari mmoja mmoja. Ukitaka kuona mstari wa 10 hadi wa 20 unaandika 10,20L. Kufuta wa tano, 5D. Huwezi kutembea juu na chini kwenye ukurasa kama tunavyofanya leo. Miezi sita yenyewe ikageuka miaka: Microsoft walileta EDIT ya skrini nzima mwaka 1991, kwenye MS-DOS 5.

Waliochoka nayo wakakimbilia WordStar. Hiyo ilitoka 1978 kwenye mashine za CP/M, kampuni ya MicroPro, na mwandishi wake ni Rob Barnaby. Kibodi nyingi za wakati ule hazikuwa na vitufe vya mishale, kwa hiyo unashika Ctrl halafu E ni juu, X chini, S kushoto, D kulia. Angalia kibodi yako, herufi hizo nne zimekaa kama msalaba. Vidole vikizoea hutaki kingine.

Ila WordStar ilikuwa na mlango wa siri. Ukifungua faili inakuuliza: D, hati ya kawaida, au N, isiyo hati. Ukijisahau ukachagua D, inachukua herufi ya mwisho ya neno na kuiongezea 128 kimyakimya, kwa ajili ya kupanga mistari vizuri. Yaani BEGIN yako, ile N ya mwisho ni namba 78, inakuwa 206. Kwenye skrini ya WordStar hamna tofauti yoyote. Unaipeleka kwenye kompaila, ile programu ya kugeuza maandishi yako kuwa lugha ya mashine, inakutapikia makosa. Unasoma, husomi kosa. Dogo wangu huyo huyo jamani, tofauti ni miaka tu!

Na hata ukichagua N, safari bado ipo. Unatoka kwenye edita, unaita kompaila, unasubiri, unaletewa namba ya mstari wenye kosa, unarudi kwenye edita kuutafuta. Kosa la nukta-mkato moja linakula dakika kadhaa.

Hapo ndo Turbo Pascal ilipowapiga bao wenzake. Novemba 1983, Borland ya Philippe Kahn wakaitangaza kwa dola 49.95, wakati kompaila nyingine zilikuwa mamia ya dola. Injini yake iliandikwa na Anders Hejlsberg wa Denmark (huyu ndiye baadaye aliongoza C# kule Microsoft). Edita na kompaila vilikuwa kitu kimoja, ndani ya faili lisilofika kilobaiti 40, na vitufe walivyoweka ni vilevile vya WordStar, vidole havina haja ya kwenda shule upya. Halafu kubwa kuliko yote kwa maoni yangu: ukikosea, inasimama, inakurudisha kwenye maandishi yako na kuweka kishale palepale penye kosa. Haikusemi. Inakuonyesha tu, unarekebisha, unaendelea. Watu husifia bei na kasi yake, mimi nasema ni hicho kishale.

Nimempigia mwalimu wa somo kule shuleni, nikamweleza yote. Jana kanijibu: dogo kapewa alama zake, na sasa anaandikia Notepad. Ila lile neno "hukujaribu" bado liko kwenye daftari lake, wino mwekundu, mwandiko wangu.

Haya, lekcha ya saa nne inaniita. Baadaye.