Kila Chombo na Chakula Chake: Kindu Tangu Kuni Hadi Betri

Marehemu baba yangu alikuwa mtia kuni kwenye mashini za moshi, njia ya Kindu na Kongolo. Mimi nilifuata karakana: nilianza kama mwanafunzi wa fundi, nikastaafu nikiwa mkuu wa zamu upande wa dizeli. Siku hizi nina kibanda mtaa wa Mikelenge, hapa Kindu, nachaji simu za watu kwa pano mbili za jua na kusuka upya koili za mota zilizoungua. Vijana wanaoendesha taksi-moto hunijia na picha za pikipiki za umeme walizoziona Kigali, wanataka kujua kama zinaweza kufanya kazi hapa Maniema. Mimi huwajibu kwa swali la baba. Yeye chombo cha safari hakukipima kwa mbio zake. Aliuliza kinakula nini, na chakula hicho utakipata wapi kikikuishia porini.

Ukiipitia historia yetu kwa swali hilo, mengi yanaeleweka. Kabla ya reli, chombo cha Maniema kilikuwa bega la mtu. Livingstone alifika Nyangwe mwaka 1871, Stanley akafika mwaka 1876, na wote wawili walikuta njia zilizokwisha kukanyagwa na misafara ya pembe za ndovu na watumwa. Kasongo ulikuwa mji wa Tippu Tip, yaani Hamed bin Muhammed el Murjebi, na Kiswahili tunachosema leo kilikuja na watu wa misafara hiyo. Mpagazi hubeba pembe, habebi chakula cha miezi. Hula muhogo na ndizi za vijiji anavyovipita, kwa kununua msafara ukiwa na adabu, kwa kunyang'anya ukiwa na bunduki za kutosha. Misafara mikubwa ikipita mara kwa mara, wenye mashamba huhama barabara na kujificha ndani ya msitu, na wanaokuja nyuma hulala njaa.

Kindu yenyewe ni mtoto wa reli na mto. Mwaka 1902 Mbelgiji Empain alianzisha kampuni ya reli ya Kongo ya juu na Maziwa Makuu, ile ambayo wazee wote waliita CFL. Mto Lualaba hupitika kwa meli kutoka Ubundu, wakati ule Ponthierville, hadi hapa kwetu, zaidi ya kilomita 300. Juu ya Kindu yanaanza maporomoko na mawe, na karibu na Kongolo mto unabanwa kwenye korongo ambalo Wazungu waliliita Lango la Jehanamu. Hapo meli zilipokwama ndipo reli ilipoanzia. Kilomita 355 za Kindu hadi Kongolo zilimalizika mwishoni mwa 1910. Reli ilipita ukingo wa magharibi, kupitia Kibombo, na Kasongo, mji mkubwa wa zamani, ukabaki ng'ambo ya pili ya mto. Ndiyo maana leo makao makuu ya mkoa ni Kindu.

Mzigo uliotoka Léopoldville kwenda ziwa Tanganyika ulikuwa na safari ya kuchosha. Meli hadi Stanleyville, treni hadi Ponthierville, meli hadi Kindu, treni hadi Kongolo, meli hadi Kabalo, na kuanzia mwaka 1915 treni hadi Albertville. Kila mahali watu walipakua na kupakia upya. Jeshi la Wabelgiji lililokwenda kuchukua Tabora mwaka 1916 lilitegemea njia hiyo. Kongolo na Kabalo ziliungwa kwa reli mwaka 1939 tu.

Na vyombo hivyo vyote, meli na mashini, vilikula kuni.

Hapa nitakaa kidogo, maana hadithi hii nimekua nayo. Kando ya mto na kando ya reli kulikuwa na vituo vya kuni. Kuni zilikatwa kwa urefu mmoja, zikapangwa kati ya vigingi ili zipimwe kwa steri, mita moja kwa mita moja kwa mita moja. Mkaguzi alipita na fimbo yake ya kupimia. Wakataji walijua kupanga kwa ujanja, vigogo vilivyopinda vikiwekwa katikati ili rundo lijae hewa. Baba alikuwa na maneno makali juu ya rundo la namna hiyo, kwa sababu aliyelipa ni yeye: moto ulizimika mlimani. Mti mzito uliokauka vizuri ulitoa joto la kutosha hadi kituo kilichofuata. Mti mwepesi ulilipuka, ukarusha cheche kwenye nyasi na kwenye mabehewa, ukaisha. Masika kuni zilikuja zimelowa, maji yake yakachemka kwanza ndani ya tanuri kabla ya birika kupata kitu, na treni ikasimama porini kungojea mvuke. Mwendo wa mashini ile ile, kwenye reli ile ile, ulibadilika kufuatana na majira. Abiria walilaumu dereva.

Msitu wa jirani na kituo ukiisha, wakataji waliingia ndani zaidi, na kazi ile haikuwa ya hiari kwa kila mtu. Wazee wa vijiji vya njiani hawaikumbuki kwa furaha. Lakini kwa upande wa ufundi jambo moja halina ubishi: chakula cha chombo kilikuwa njiani, na aliyekileta alikaa njiani. Treni haikubeba kuni za safari nzima. Ilibeba za kufika kituo kijacho.

Kuna watu wanaodhani usafiri wa umeme ni jambo jipya, la Wachina au la Wamarekani. Sisi Wakongo tulikuwa nao kabla baba yangu hajaacha kutia kuni. Mwaka 1952 treni za Katanga zilianza kuvutwa kwa umeme kati ya Jadotville, Likasi ya leo, na Tenke, na baadaye waya ukafika Kamina. Siri yake haikuwa reli. Ilikuwa mabwawa. Kampuni ya migodi ya Union Minière ilikwisha kujenga bwawa la Mwadingusha kwenye mto Lufira kwa ajili ya kuyeyusha shaba, na umeme ukawepo tayari, karibu na reli. Mwaka 1956 reli ya Kamina na Kabalo ilituunganisha na Katanga, baada ya njia yetu nyembamba kupanuliwa ifanane na yao. Treni ya Lubumbashi ikapanda na umeme hadi Kamina, pale ikabadilishiwa mashini, ikaja kwetu na dizeli. Nilipokuwa kijana karakanani niliona jambo hilo la kawaida. Leo naona kwamba mpaka wa umeme ulifuata mpaka wa shaba.

Maniema nayo ilipata mabwawa, kwa sababu ya bati. Kampuni ya Symetain ilianzishwa mwaka 1932, makao yake Kalima, kama kilomita 100 kutoka hapa. Japani ilipoinyang'anya Uingereza Malaya na bati lake mwaka 1942, bati la Kongo likawa mali ya vita, na malori yakalishusha Kindu kwa ajili ya reli. Mitambo ya mgodi ilisukumwa na maji ya Lutshurukuru. Umeme ule uliwasha mashine na nyumba za mabwana wa mgodi. Waya wa kuuleta mjini Kindu hawakuuvuta, na malori yao yaliendelea kunywa mazuti yaliyosafiri mbali kuliko bati lenyewe.

Nitie neno la pembeni. Mwaka 1937 mwalimu mmoja wa Chuo Kikuu Huria cha Brussels, G. Chavanne, alipata hati ya uvumbuzi wa kugeuza mafuta ya mimea kuwa chakula cha injini za dizeli, na mwaka 1938 basi la abiria lilitembea kati ya Brussels na Louvain kwa mafuta ya mawese yaliyogeuzwa hivyo. Mawese! Basi lilijaribiwa Ubelgiji, michikichi iko huku. Kila kijiji kutoka Kindu hadi Kasongo kinakamua mawese, na mpaka leo tunayapika na sombe huku tukinunua mazuti ya kutoka ng'ambo.

Kisha vikaja vita. Oktoba 1998 Kindu ilianguka mikononi mwa waasi, na treni haikuonekana tena mpaka 2004. Miaka hiyo chombo cha Maniema kilikuwa baiskeli, na si ya kupanda bali ya kusukuma. Fimbo moja ilifungwa kwenye usukani ili kuurefusha, nyingine ikasimamishwa nyuma ya kiti kwa kusukumia. Bidoni sita za mawese za lita 20, au magunia ya mchele, na juu yake kuku. Wanaume walitembea hivyo zaidi ya kilomita 200 kutoka Kasongo, wengine wakifuata reli yenyewe, kwa kuwa tuta la reli lilikuwa kavu kuliko barabara. Mimi sikuwa na treni ya kutengeneza, nikawa natengeneza fremu zao. Pale bomba la chini linapoungana na shingo ndipo zilipokatika, karibu zote, nami niliwawekea nondo ndani ya bomba kabla ya kuchomelea. Baiskeli zile zilikula ugali wa muhogo, na ugali ulikuwa katika kila kijiji. Sijaona chombo kilichoifaa barabara yetu kuliko hicho, ingawa kiliwavunja migongo wenyewe.

Sasa tuna taksi-moto. Esansi inakuja kwa treni, siku treni inapokuja, au kwa malori yanayopigana na matope. Kutoka hapo inaingia kwa makadafi, wauzaji wa barabarani wenye meza, mrija na chupa za lita moja. Watu wanawalaumu kwa bei na kwa kuchanganya. Hata hivyo ndio waliofanya pikipiki iwezekane vijijini. Bila kadafi wa kijiji cha tatu, pikipiki inaishia kijiji cha pili. Ni wale wakata kuni wa zamani, isipokuwa hawa wanapata faida yao.

Mpwa wangu anaishi Alta, kaskazini kabisa mwa Norway, ambako maisha yalimpeleka baada ya kambi za wakimbizi. Ana gari la umeme. Ananitumia ujumbe wa sauti: "Mjomba, huku leo ni nyuzi 20 chini ya sifuri, gari linaonyesha mwendo umepungua." Nilitaka kujua kwa nini, na mpwa akauliza kazini kwake. Baridi huifanya kemia ya betri iwe nzito, umeme hutoka na kuingia kwa shida, na juu ya hayo dereva anahitaji joto ndani ya gari, joto linalotoka kwenye betri hiyo hiyo. Gari hupoteza robo ya mwendo, theluthi, siku mbaya hata zaidi. Wenyeji wamejifunza: gari hulala limechomekwa ukutani, na alfajiri hupashwa joto kwa umeme wa nyumba kabla ya kuondoka. Katika kila magari 10 mapya yaliyouzwa Norway mwaka 2024, karibu 9 yalikuwa ya umeme. Nchi yenye theluji! Lakini umeme wao karibu wote ni wa maporomoko, umo katika kila nyumba hata ya mvuvi wa pembeni, na serikali ilianza kuyaondolea magari hayo kodi tangu 1990. Chakula kilitangulia, chombo kikafuata.

Kwa hiyo anayeniambia kwamba Kindu inafaa kwa sababu haina baridi, amesikia nusu ya habari. Baridi huipunguzia betri nguvu kwa siku ile, na jua likirudi nguvu hurudi. Joto huizeesha, na uzee haurudi nyuma. Betri za asidi kibandani kwangu hukauka maji, zikidumu miaka miwili nashukuru. Zile za lithiamu ya fosfati zinavumilia zaidi, nazo zinataka kivuli na hewa, si kufungwa chini ya kiti cheusi juani mchana kutwa.

Nimewapigia vijana hesabu kwa chaki mlangoni. Betri ya pikipiki inayobeba kama kilowati-saa 3 hukupa kilomita 80 hivi kwenye lami. Pano moja ya wati 400, kwa mawingu yetu, ikikupa kilowati-saa 1.2 kwa siku nzima, umefanya vizuri. Hiyo ni kilomita 30 za lami. Barabara ya Kalima wakati wa mvua, yenye abiria wawili na gunia, gawa tena kwa mbili. Jambo la pili ni kwamba jua linawaka saa zile zile mwenye taksi-moto anapotafuta wateja, kwa hiyo betri moja haitoshi: moja ifanye kazi, nyingine ile jua. Kigali, ambako Ampersand ilianza biashara mwaka 2019, hawachaji pikipiki, wanabadilisha betri kituoni na kuondoka. Hapo ndipo ninapowaambia vijana watazame, wasitazame rangi ya tangi.

Kwa safari za mjini, kutoka Mikelenge kwenda Kasuku, sokoni, bandarini kuvuka kwenda Alunguli, naona inawezekana hata mwaka huu, kwa pano kumi na mtu mwaminifu wa kuzilinda. Kwa Kasongo, bado. Huko unahitaji kibanda chenye pano na betri za akiba kila kilomita 25 au 30, na mtu anayelipwa kukaa hapo, kama wale wa kuni. Pia unahitaji fundi anayejua kupima seli moja moja badala ya kutupa betri nzima, na mimi nina wanafunzi wawili wanaojifunza hilo sasa hivi kwa mita ya kuazima. Mfanyabiashara aliyepita mwezi jana na karatasi zake za rangi alinieleza mbio za pikipiki yake na taa zake. Nilimwuliza betri ya pili itakuwa kijiji gani kabla ya Kibombo, na nani ataikabidhi. Ameahidi kurudi na jibu.