Daktari Hagomi kwa Sababu ya Doo Pekee

Kila mgomo ukianza, hapa Machakos lazima usikie mtu kwa steji akisema, "Hawa madaktari wanapenda tu pesa." Wasee, hebu turudi nyuma kidogo.

1994, madaktari wa serikali waligoma siku 105. Walitaka chama chao kisajiliwe. Serikali ya Moi ikakataa. KMPDU ilikuja kusajiliwa 2011. Hiyo ni miaka 17 ya kufanya kazi bila chama cha kuwatetea.

Juni 2013, KMPDU na Wizara ya Afya wakatia sahihi mkataba. Nyongeza ya mshahara ilikuwemo, tena kubwa. Lakini masaa ya kazi, kupandishwa vyeo na kuajiri madaktari zaidi pia yalikuwemo. Shida ni kwamba mwaka huo huo hospitali zilihamia kaunti. Machakos Level 5 ikawa chini ya gavana. Alfred Mutua akatuletea ambulensi mpya 70, na sisi tukafurahi. Lakini ule mkataba ulisainiwa Nairobi na mwajiri sasa ni kaunti. Kila mtu akaanza kumrushia mwenzake mpira.

Ndio maana Desemba 2016 madaktari waligoma siku 100. Serikali ikasema mkataba haukusajiliwa mahakamani. Februari 2017 viongozi saba wa chama wakafungwa jela, wakaachiliwa baada ya siku mbili hivi. Mgomo ukaisha Machi. Juni manesi nao wakagoma, wakarudi kazini Novemba.

2024 ikawa siku 56. Madaktari wanagenzi walikuwa wanafaa kupata kama shilingi 206,000 kwa mwezi, serikali ikataka kuwapa 70,000.

Mimi chuo sikumaliza, lakini hapa hauhitaji digrii. Ukisaini kitu halafu ukikane, mfanyakazi wako atachoka na wewe. Atakuja kazini, lakini roho haiko hapo.

Na mgomo unaumiza, tusidanganyane. Mwenye doo anaenda hospitali ya kibinafsi. Mama wa Masinga anarudi nyumbani na mtoto mgonjwa.

Kwa hivyo siku gavana atakuja kukata utepe wa wodi mpya, usiulize tu imejengwa kwa pesa ngapi. Muulize mnesi wa usiku atakuwa na wagonjwa wangapi, na kama amelipwa mwezi uliopita.